Debian, Ubuntu Server au Alpine: kuchagua mfumo wa seva ya nyumbani kwa kompyuta kuukuu inayogoma

Kompyuta ya mezani iliyomaliza kazi yake ofisini, ikauzwa Mombasa kwa bei ya kutupa, ikapanda basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti kuja Lamu pamoja na magunia ya vitunguu, bado haijafika mwisho wa maisha yake. Ukiitia Linux, mfumo endeshi wa bure, na kuiacha ikiwaka kwenye kona ya chumba, inaweza kuhifadhi picha za harusi za ukoo mzima, kugawa darsa zilizorekodiwa, kuonyesha filamu kwenye televisheni bila kula data, na kuzuia matangazo kwenye simu zote za nyumba. Kinachowashinda wengi si matumizi hayo, bali ni usiku wa kwanza: flashi haionekani, kioo kinabaki cheusi, kisakinishi kinasimama katikati, au mfumo unaingia salama lakini mtandao haupo. Hapo kila rafiki humshauri mwenye mashine abadilishe distro, yaani aina ya Linux, naye hubadilisha, na data zake zinamalizika kabla ya tatizo.

Nimesakinisha seva za namna hii Langoni na Malindi, nyingine zangu na nyingine za jamaa, na nimekwama vya kutosha kujua kwamba swali la distro ipi ni bora halina jibu moja. Swali lenye faida ni hili: mashine yako inakwamia wapi, na ni kitu gani ambacho huwezi kukipata kwa urahisi hapo ulipo, data, kipuri, au mtu wa kumuuliza?

Tunalinganisha nini, na kwa vigezo gani

Nimechukua Debian, Ubuntu Server na Alpine kwa sababu zote tatu ni za bure, zote husakinishwa bila mazingira ya picha, na kila moja hukosea kwa namna yake. Rocky Linux 9 na AlmaLinux 9 nimeziacha nje kwa makusudi, ingawa zina sifa nzuri, kwa kuwa zinataka prosesa ya kiwango cha x86-64-v2, na Core 2 Duo, ambayo utaikuta ndani ya nyingi ya kompyuta hizi, haifikii kiwango hicho. Mfumo utaanza kuwaka kisha utakufa, nawe utadhani flashi yako ni mbovu.

Vigezo ni vitano. Cha kwanza ni jinsi kisakinishi kinavyokueleza kilichoharibika, maana kinachokwama kimyakimya hukugharimu zaidi ya kile kinachokwama kwa maelezo. Cha pili ni RAM na prosesa inayohitajika pamoja na data ya kupakua. Cha tatu ni mtandao baada ya kusakinisha, cha nne ni tabia ya mfumo umeme unapokatika, na cha tano ni umri wa masasisho na upatikanaji wa msaada. Kasi sikuiweka, kwa sababu katika nyumba ya watu sita tofauti ya kasi kati ya distro hizi haionekani. Kitakachokuchelewesha ni diski.

Kabla ya kuilaumu distro

Sehemu hii ni ndefu kuliko nilivyokusudia, lakini makosa mengi niliyoyaona yalikuwa ya mashine, na hakuna distro itakayoyaponya.

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na miguu ya shaba ya vipande vya RAM hushika kutu hafifu usioonekana kwa macho. Dalili yake ni mashine inayolia vipipi bila kuwasha kioo, au kisakinishi kinachokufa mahali tofauti kila unapojaribu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, toa vipande vya RAM, sugua miguu yake polepole kwa raba ya kufutia penseli, kisha uvirudishe hadi vishike vizuri. Baada ya hapo iendeshe Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi kwa mzunguko mmoja mzima angalau, kabla ya kupakua kitu kingine chochote. Kosa likiwa la RAM, litakufuata katika distro zote tatu, na kila moja italieleza kwa maneno yake.

Diski nayo ikaguliwe. Amri ya smartctl itakuonyesha idadi ya sekta, yaani vipande vya diski, zilizohamishwa kwa ubovu na zile zinazosubiri kuhamishwa. Zinazosubiri zikizidi sifuri, diski hiyo isipewe picha za watoto. Lakini kama kinachoongezeka ni hesabu ya makosa ya CRC, yaani ya usafirishaji wa data, diski inaweza kuwa nzima na waya wa SATA ndio mbovu, na waya huo ni wa bei ndogo kabisa. Diski isipoonekana kabisa na kisakinishi ilhali BIOS (programu ya bodi inayoanza kabla ya mfumo) inaiona, ingia BIOS uangalie kama SATA imewekwa kwenye hali ya RAID, kisha uibadilishe iwe AHCI.

Kisha kuna betri ndogo ya CR2032 iliyomo kwenye bodi, ambayo watu huidharau. Ikifa, saa ya mashine hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika. Niliwahi kupoteza jioni mbili nikidhani mtandao ni mbovu, kwa sababu apt, amri ya kupakua programu, ilikataa kupakua chochote ikisema faili za ghala bado hazijaanza kuwa halali, na tovuti za https zilikataliwa moja baada ya nyingine. Mtandao ulikuwa mzima. Mashine ndiyo iliyoamini kwamba tuko mwaka 2009, na kwa hesabu yake vyeti vya leo vilikuwa havijatolewa. Nunua betri hiyo kabla ya kuanza. Tutarudi kwake kwenye habari ya umeme.

Mwisho, tazama vikapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji vilivyo karibu na prosesa. Vilivyovimba kichwa au kuvuja ni mwisho wa safari, isipokuwa kama una fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu. Na flashi unayotumia iandikwe upya baada ya kuhakiki sha256 (alama ya kuthibitisha kwamba faili haikuharibika) ya faili uliyopakua, kisha ichomekwe kwenye tundu la nyuma la USB lililo kwenye bodi yenyewe, wala si lile la mbele linalotegemea waya mwembamba wa ndani.

Kuwaka na kupita kwenye kisakinishi

Zote tatu zinawaka kwenye BIOS ya zamani na kwenye UEFI iliyoirithi, kwa hiyo kigezo hiki hakiamuliwi na umri wa bodi. Kioo kikiwa cheusi mara tu baada ya menyu ya kwanza, mara nyingi tatizo ni draiva ya kadi ya picha, na dawa ni ileile kote: ongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kerneli (kiini cha Linux). Kwa Debian na Ubuntu liandike baada ya vile vistari vitatu vilivyo mwishoni mwa mstari, ili libaki hata baada ya kusakinisha. Wengi hupita salama siku ya kwanza kisha kioo kinawazimikia baada ya kuwasha upya, kwa sababu neno hilo waliliandika mahali pasipolihifadhi.

Kisakinishi cha Debian ni cha kizamani kwa sura, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kinakwenda hatua kwa hatua, na hatua ikishindwa kinakurudisha kwenye menyu ambapo unaweza kurudia hiyo moja tu bila kuanza mwanzo. Katika hali ya maandishi, ukibonyeza Alt na F4 unaona daftari la matukio likiandikwa papo hapo, na mara nyingi mstari wa mwisho ndio unaotaja mkosaji: diski isiyosomeka, faili isiyopatikana, au kadi ya mtandao inayodai fimwea, yaani programu ndogo ya kifaa chenyewe. Habari ya fimwea yenyewe imekuwa nyepesi tangu Debian 12 ya mwaka 2023, kwa kuwa fimwea zisizo huru sasa zimo ndani ya faili rasmi ya kusakinisha. Ushauri wa zamani wa kutafuta flashi ya pili ya fimwea umepitwa na wakati, ingawa bado unazunguka mtandaoni. Mitego ya Debian ni miwili. Wa kwanza ni swali la wapi GRUB, programu inayouanzisha mfumo, iandikwe: ukichagua flashi badala ya diski, mashine itawaka tu flashi ikiwa imechomekwa. Wa pili ni nywila ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote: ukiiweka, sudo (amri ya kuazima mamlaka hayo) haisakinishwi, na mwongozo wowote unaoanza kila mstari kwa sudo utakukatalia.

Ubuntu Server ina kisakinishi chenye sura nzuri na maswali machache, na kwa mtu wa mara ya kwanza ni rahisi kuliko zote pale mambo yanapokwenda sawa. Yasipokwenda sawa, kinakusanya ripoti ya kosa na kusimama, nawe unabaki na ripoti ndefu ambayo lazima uifungue kupitia menyu ya msaada inayokupa ganda la amri, yaani mahali pa kuandika amri. Kuna mambo mawili yanayowachanganya watu ambayo si makosa hata kidogo. Mwishoni kisakinishi hupakua masasisho ya usalama, na kwa mtandao wa simu hatua hiyo huonekana kama imeganda. Kuna kitufe cha kuikatiza na kuwasha upya, na hakuna madhara ukikitumia mradi usasishe baadaye. Jambo la pili ni diski: ukikubali mpangilio wa LVM (njia ya kugawa diski kwa sehemu zinazoweza kupanuliwa) kama ulivyopendekezwa kwenye diski ya gigabaiti 500, mfumo utapewa gigabaiti 100 tu na nyingine zitabaki bila kugawiwa. Nimeona mtu akinunua diski mpya kwa sababu ya kwanza imejaa, kumbe robo tatu yake na zaidi ilikuwa haijaguswa. Sehemu hiyo inaweza kupanuliwa baadaye kwa lvextend, lakini ni rahisi zaidi kuirekebisha kwenye kisakinishi chenyewe.

Alpine haina kisakinishi kwa maana ya kawaida. Mashine inawaka, unaingia kama root bila nywila, unaandika setup-alpine, na maswali yanaanza. Kwa kuwa uko kwenye ganda la amri tangu mwanzo, kosa linasemwa na amri yenyewe, wazi, na unaweza kulirekebisha na kurudia. Kwa anayejua Linux kidogo huu ni uhuru mkubwa. Kwa asiyejua ni kusimama gizani. Mtego wake maarufu ni swali la diski. Ukitaka mfumo ukae kwenye diski kama zile nyingine, lazima uchague hali ya sys. Ukipita bila kuchagua diski, mfumo utafanya kazi ndani ya RAM, utaupanga kwa saa nzima ukifurahi, na ukiuwasha upya hutakuta chochote ulichoweka.

RAM, prosesa na data

Hakikisha kwanza kama prosesa yako ni ya biti 64, na usihukumu kwa Windows iliyokuwemo, kwani mashine nyingi zenye uwezo wa biti 64 ziliuzwa na Windows ya biti 32. Washa Linux yoyote ya biti 32 kutoka kwenye flashi kisha utafute herufi lm kwenye orodha ya uwezo ndani ya /proc/cpuinfo. Zikiwepo, uko huru kuchagua.

Zisipokuwepo, Ubuntu Server imekwisha toka kwenye mashindano. Debian 12 ndilo toleo la mwisho la Debian lenye kisakinishi cha biti 32; Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina. Debian 12 itapata masasisho ya muda mrefu hadi Juni 2028, kwa hiyo si uamuzi wa kipuuzi, bali ni uamuzi wenye tarehe ya mwisho. Alpine bado inatoa toleo la biti 32. Hata hivyo, ukikusudia kuendesha programu zako kwa Docker, inayoziendesha kutoka vifurushi viitwavyo picha, jua kwamba picha nyingi zilizo tayari hazitengenezwi kwa biti 32, na huo ni ukuta usiobomolewa na distro yoyote.

Kwa RAM, Ubuntu Server inataka angalau gigabaiti moja na nusu ili kisakinishi kipite, na chini ya hapo kukwama kusikushangaze. Debian bila mazingira ya picha hutosheka na gigabaiti moja. Alpine huona nusu gigabaiti kuwa nyingi.

Kwa data, faili ya netinst ya Debian iko chini ya gigabaiti moja na ina mfumo wa msingi ndani yake, kwa hiyo unaweza kumaliza usakinishaji bila mtandao ukikubali kuendelea bila ghala la mtandaoni. Faili ya Ubuntu Server 24.04 inazidi gigabaiti mbili na nusu. Ile ya kawaida ya Alpine ni mamia machache ya megabaiti. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni data ya baadaye: Ubuntu huja na snapd, kisimamizi cha programu, nayo hukagua masasisho mara nne kwa siku kwa kawaida yake, na kama ruta yako inatumia kadi ya simu yenye kifurushi cha kuhesabu, utaiona tofauti. Muda wa ukaguzi huo unaweza kupangwa upya, na ni vyema uupange siku hiyohiyo ya kwanza.

Kuna kosa moja la prosesa linalofanana na kosa la usakinishaji ilhali silo. Programu fulani za kisasa, mfano MongoDB kuanzia toleo la 5.0, zinahitaji uwezo uitwao AVX ambao prosesa za Intel zilianza kuupata mwaka 2011. Kwenye mashine ya kabla ya hapo programu hufa papo hapo ikilalamikia amri isiyo halali. Kubadilisha distro hapo ni kuhamisha jiko ilhali kuni ndizo mbichi.

Mtandao baada ya kusakinisha

Ninashauri kebo, si Wi-Fi, na kwa nyumba za mawe za Lamu sioni njia nyingine ya busara, maana kuta nene za matumbawe na chokaa humeza mawimbi hata kabla hayajavuka kiwambaza cha pili. Iweke seva karibu na ruta, mahali penye hewa. Kidaka ni pazuri kwa sahani za kale lakini mashine itachemka humo.

Debian na Ubuntu hutaja kadi ya mtandao kwa nafasi yake kwenye bodi, kwa majina kama enp2s0, na jina hilo huandikwa ndani ya mipangilio. Ukiongeza au kuondoa kadi yoyote, hata ya picha, namba inaweza kusogea, jina likabadilika, na seva ikawaka bila mtandao ingawa hukugusa kadi ya mtandao. Amri ya ip link itakuonyesha jina jipya. Lirekebishe kwenye /etc/network/interfaces kwa Debian, au kwenye faili ya netplan kwa Ubuntu. Alpine imebaki na majina ya zamani ya eth0 na eth1, jambo linaloondoa tatizo hili kwa mashine yenye kadi moja, lakini kwenye mashine yenye kadi mbili, kadi hizo huweza kubadilishana majina.

Ubuntu ina tabia yake nyingine: kadi iliyotajwa kwenye netplan isipokuwa na kebo, mfumo husubiri mtandao kwa dakika mbili kila unapowaka. Watu huita hali hii kuganda. Iweke kadi hiyo kuwa ya hiari ndani ya netplan na subira hiyo itaondoka.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo seva ya pwani hujulikana. Ndani ya BIOS kuna chaguo la nini kifanyike umeme unaporudi, nalo liwekwe kuwasha mashine. Na kuna chaguo jingine la kutosimama kwa kosa la kibodi, ili mashine isiyo na kibodi isikungoje ubonyeze F1. Lakini machaguo yote hayo yanahifadhiwa kwa ile betri ya CR2032. Ikiwa imekufa, umeme ukikatika BIOS inasahau kila kitu, pamoja na agizo la kujiwasha, na hata AHCI uliyoiweka. Kwa hiyo seva isiyorudi baada ya umeme kurudi ianzwe kuchunguzwa kwenye betri, kabla ya kuufungua mfumo.

Baada ya hapo distro zinaanza kutofautiana. Debian na Ubuntu hutumia systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo, nayo ikikuta kwenye fstab, orodha ya diski za kuunganishwa, diski ya pili isiyoonekana, huisubiri sekunde 90 kisha huingia katika hali ya dharura na kuomba nywila kwenye kioo. Kwa seva isiyo na kioo, huko ni kufa machoni pa mwenyewe. Ongeza neno nofail kwenye mstari wa kila diski isiyo ya mfumo, hasa zile za USB. Ubuntu inaongeza jambo moja: umeme ukikatika katikati ya kuwaka, kama unavyofanya unaporudi na kuondoka mara tatu, GRUB yake hukumbuka kwamba safari iliyopita haikukamilika na hukaa kwenye menyu sekunde 30 kabla ya kuendelea. Mpe subira kabla ya kumzima tena.

Alpine ina kitu ambacho wenzake hawana kwa urahisi huo. Katika hali yake ya kufanya kazi ndani ya RAM, ile niliyoiita mtego, mfumo mzima husomwa kutoka kwenye flashi na kisha hauandiki tena humo mpaka wewe uamuru kwa lbu commit. Umeme ukikatika, unapoteza tu mabadiliko ambayo hujayahifadhi, na mfumo unarudi kama ulivyokuwa. Hapo diski inabaki ya data peke yake. Gharama yake ni nidhamu: ukisahau kuandika amri hiyo baada ya kubadilisha kitu, umepoteza kazi.

Hesabu pia matumizi yenyewe ya umeme. Mashine inayokula wati 70 mchana na usiku hufikia yuniti 50.4 kwa siku 30, nazo uzizidishe kwa bei unayolipa kwenye tokeni zako. Hakuna distro itakayoipunguza kwa kiasi cha kukufanya uchague kwa sababu hiyo.

Masasisho na msaada

Ubuntu Server 24.04 ina miaka mitano ya masasisho ya kawaida, na mtu binafsi anaweza kuongezewa hadi miaka kumi bila malipo kwa mashine zisizozidi tano, kwa kujiandikisha Ubuntu Pro. Debian hupata takriban miaka mitano kwa jumla, ukihesabu kipindi cha muda mrefu. Alpine hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi na hulitunza ghala lake kuu kwa miaka miwili, kwa hiyo lazima upandishe toleo mara kwa mara.

Ubuntu husakinisha masasisho ya usalama yenyewe tangu siku ya kwanza. Kwenye Debian ya seva na kwenye Alpine, unapanga mwenyewe. Kwa msaada, miongozo mingi ya seva za nyumbani imeandikwa kwa Ubuntu, na sehemu kubwa yake inafuatika kwenye Debian bila mabadiliko makubwa. Alpine ni habari nyingine, kwa kuwa inatumia maktaba ya msingi iitwayo musl badala ya glibc ya wenzake: programu iliyopakuliwa ikiwa imeundwa kwa glibc hukataa kuanza ikidai faili haipo, ilhali unaiona mbele ya macho yako. Faili ipo, kisichokuwepo ni maktaba ambayo faili hiyo inaitegemea.

Kila moja inamfaa nani

Debian inamfaa mtu anayetaka kupanga mara moja na kuiacha, ambaye yuko tayari kusoma daftari la matukio, na ambaye mashine yake haina RAM ya kujivunia. Ubuntu Server inamfaa anayeanza, mwenye mashine ya biti 64 yenye RAM ya gigabaiti 2 au zaidi na mtandao usiohesabiwa, anayetaka kufuata mwongozo mstari kwa mstari. Alpine inamfaa mwenye mashine dhaifu sana au flashi badala ya diski, anayezifahamu amri na asiyechoshwa na kupandisha toleo. Mimi mwenyewe huanza na Debian, lakini hilo ni zoea tu, wala halimfungi mtu mwingine.

Ukiwa katika hali hii

Kisakinishi kikikwama mahali palepale katika distro mbili tofauti, acha kupakua ya tatu. Rudi kwenye RAM, waya wa SATA na diski. Kikikwama mahali tofauti kila mara, anza na RAM. Kioo kikiwa cheusi, jaribu nomodeset kabla ya lolote.

Ukiwa na mashine ya biti 32 unayotaka kuitumia mwaka mmoja au miwili hadi upate nyingine, Debian 12 inatosha. Ukitaka kuendelea nayo zaidi ya hapo, jifunze Alpine mapema, mashine ikiwa bado haina data ya thamani.

Ukiwa Lamu na diski imeonyesha sekta zinazosubiri, na kipuri kitatoka Mombasa siku ambayo basi na boti vitakubaliana, endesha Alpine ndani ya RAM kutoka kwenye flashi, ili seva iendelee na kazi ndogondogo kama kuzuia matangazo mpaka diski ifike. Usihifadhi humo kitu usichokuwa na nakala yake.

Ukiwa na data za kuhesabu lakini unataka Ubuntu au faili kubwa ya DVD ya Debian, ipakue ukiwa Malindi au popote kwenye intaneti isiyo na kipimo, uihakiki sha256 hukohuko, kisha uje nayo kwenye flashi mbili, kwa sababu flashi moja ina desturi ya kufa kisiwani.

Na ikiwa seva itakaa nyumbani kwa wazee huku wewe ukifanya kazi Nairobi, chagua kati ya Debian na Ubuntu ile unayoijua zaidi, washa masasisho ya usalama ya kujiendesha, weka nofail kwenye kila diski ya ziada, badilisha betri ya CR2032 kabla hujaondoka, kisha uzime swichi ya ukutani na kuiwasha tena mara tatu mbele ya mama, ili yeye na wewe mwone kwamba inarudi yenyewe.